Mpunga miezi minne, kodi kila mwezi: Mtihani wa mwenye nyumba Dakawa

Februari ni mwezi mbaya wa kudai kodi ya nyumba Dakawa. Fedha zimelala majarubani. Aliyekuwa na akiba Desemba ameimaliza kwa trekta, mbegu na mbolea, na kilichobaki kimekwenda kwa vibarua wa kupandikiza na ada ya maji. Januari nayo ilishapita na sare, madaftari na michango ya shule. Mama mwenye nyumba akibisha hodi kwenye chumba cha uani, mpangaji hakatai deni. Anamkaribisha vizuri, anampa kiti, kisha anamwambia: “Nivumilie, mama, hadi nivune.”

Mara nyingi jibu hilo ni la kweli, na ugumu unaanzia hapo hapo. Mpunga unataka takriban miezi minne tangu mbegu hadi mundu, lakini kodi huhesabiwa kwa mwezi. Anayeahidi kulipa akivuna anaomba mkopo wa miezi minne kwa mtu ambaye si benki, hana dhamana mkononi, wala hana njia ya haraka ya kukirudisha chumba chake iwapo mavuno yatakwenda mrama.

Wenye nyumba nchini kote wana msemo wao: sheria inambeba mpangaji. Ukiifuata sheria yenyewe hatua kwa hatua, unaona jambo tofauti. Haimbebi mpangaji. Inalichukua deni dogo la chumba na kulipandisha ngazi zile zile zinazopandishwa mgogoro wa shamba la mamilioni. Mwenye vyumba vitatu vya kupangisha huchoka katikati ya ngazi, na akishachoka hujichukulia hatua mwenyewe.

Mji wa msimu

Dakawa iko wilayani Mvomero, kando ya mto Wami na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, umbali usiozidi kilomita 50 kutoka Morogoro mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la umma la NAFCO lilianzisha hapo shamba la mpunga la hekta 2,000, maji yakisukumwa kwa pampu kutoka Wami. NAFCO ilipoondoka, majaruba yakaingia mikononi mwa wakulima wadogo, ambao leo wanaunganishwa na ushirika wa UWAWAKUDA. Jirani yao ni kituo cha utafiti cha TARI Dakawa, kilikotoka mbegu ya TXD 306 ambayo wakulima wanaiita SARO 5. Kuanzia mwaka 1982 chama cha ANC cha Afrika Kusini nacho kilijenga Dakawa makazi ya wakimbizi wake, kama kilivyofanya Mazimbu, na mwaka 1992 kikayakabidhi majengo kwa serikali ya Tanzania.

Shamba, utafiti, shule na barabara vimeleta watu, na watu wanataka pa kulala. Wapo wapangaji wa mshahara: mwalimu, muuguzi, mtumishi wa kituo cha utafiti. Hao kodi yao ina tarehe. Wapo pia wapangaji wa msimu: kibarua aliyetoka mkoa mwingine kuja kupandikiza, mkulima aliyekodi majaruba, mchuuzi wa mchele anayezifuata mashine za kukoboa, kijana wa bodaboda anayewabeba hao wote. Mto ukijaa kupita kiasi, pampu ikisimama au bei ya mchele ikianguka, kundi zima linayumba kwa pamoja. Mama lishe aliyekuwa akiwapikia naye anayumba, na huyo pia kapanga.

Upande wa pili wa mlango usitafute tajiri. Katika miji midogo kama huu, mwenye nyumba wa kawaida ni mwalimu mstaafu aliyekimalizia kiinua mgongo kwenye matofali ya kuchoma, mjane aliyeachiwa nyumba yenye vyumba vitatu vya ziada, au mkulima aliyebahatika msimu mmoja akanunua bati badala ya pikipiki. Vyumba hivyo ndivyo pensheni yake. Kimoja kisipolipa, rejesho la VICOBA linakwama na dawa za presha zinakopwa.

Ngazi za kumtoa mdaiwa

Tuseme, kwa hesabu rahisi, chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi na mpangaji amefikisha miezi minne. Deni ni shilingi 120,000. Mwenye nyumba afanye nini?

Kwanza, kama ilivyo desturi, atakwenda kwa mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji. Wataitwa wote wawili, watakaa, mpangaji ataahidi tarehe, pengine ahadi itaandikwa kwenye karatasi ya daftari. Hatua hii ni ya bure na mara nyingi inatosha. Isipotosha, mwenyekiti hana mamlaka ya kumtoa mtu ndani ya nyumba. Muhuri wake ni ushahidi wa mazungumzo, basi.

Atatakiwa pia kutoa notisi. Wengi hudhani kwamba pasipo mkataba wa maandishi hakuna upangaji, kwa hiyo hakuna notisi. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, hata kama ulikubaliwa kwa mdomo chini ya mwembe. Pale ambapo muda haukutajwa, kipindi cha malipo ndicho kipimo: anayelipa mwezi kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na notisi yake hupimwa hivyo hivyo. Neno “kesho nikukute umehama” halina uzito wowote, hata likisemwa mbele ya mashahidi kumi.

Baada ya hapo zinaanza ngazi zilizowekwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake, na kazi yake ni usuluhishi. Juu yake kuna Baraza la Kata, la wajumbe wanne hadi wanane. Zamani mwenye vyumba alikuwa akipata jibu katika ngazi hii ya kata. Baraza liliweza kusikiliza shauri lenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3 na kulitolea uamuzi. Deni la chumba liliingia humo bila shida, tena mbele ya watu wanaomjua mdai na mdaiwa kwa majina ya baba zao.

Mwaka 2021 Bunge lilifanya marekebisho yaliyoyaondolea Mabaraza ya Kata mamlaka ya kuamua. Sababu zilikuwapo. Hukumu nyingi za kata zilikuwa zikifutwa huko juu kwa kasoro za utaratibu: akidi haikutimia, wajumbe wanawake hawakuwapo, katibu alitia saini kana kwamba naye ni mjumbe, kesi iliamuliwa na watu wasiokuwapo iliposikilizwa. Mtu aliyeshinda kata alijikuta miaka miwili baadaye anaambiwa aanze upya. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuliacha baraza libaki na usuluhishi tu. Likishindwa, linatoa cheti kuthibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaruhusiwa kusonga mbele.

Kusonga mbele ni kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye mwenyekiti mwanasheria na wazee wa baraza, ambalo kisheria linaweza kubeba shauri la kurejesha umiliki wa mali ya hadi shilingi milioni 300. Humo deni la 120,000 linakaa foleni moja na mashauri ya viwanja, mirathi na mashamba ya rehani. Kuna ada ya kufungua, kuna gharama ya kuandikiwa madai kwa lugha ya kisheria, kuna nauli kila shauri linapotajwa na nauli nyingine linapoahirishwa. Ukishinda, mpangaji ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ukiomba utekelezaji, anapewa siku 14 za kutii kwa hiari. Akigoma, anayeruhusiwa kutoa vyombo nje ni dalali aliyeidhinishwa na si mwenye nyumba, na dalali naye analipwa.

Ukijumlisha notisi, siku 30 za kata, vikao vya wilaya na siku za utekelezaji, msimu wa mpunga umeshapita, pengine wa pili umeanza. Kodi ya muda wote huo nayo imejiongeza kwenye deni. Ni kweli kwamba deni halifi kwa mpangaji kuhama: sheria ya ukomo inatoa miaka sita ya kulidai. Lakini kumtafuta kibarua aliyerudi kwao, mkoa wa mbali, kwa ajili ya laki moja na ushee ni kazi ambayo hakuna anayeifanya.

Njia ya mkato

Ndiyo maana zikaja mbinu ambazo kila mpangaji nchini anazijua. Kufuli la mwenye nyumba juu ya kufuli la mpangaji. Mlango unaong'olewa asubuhi, mwenyewe akiwa shambani. Umeme unaokatwa, choo kinachofungwa. Bati linaloezuliwa masika “kwa ajili ya ukarabati”. Na kubwa zaidi, godoro, televisheni au gunia la mpunga linaloshikiliwa ndani kwa mwenye nyumba hadi deni lilipwe.

Mbinu hizi hufanya kazi, tena haraka, ndiyo sababu hazifi. Lakini humgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Mpangaji aliyetolewa bila amri anaweza kudai fidia ya vitu vilivyonyeshewa, na hapo orodha yake huwa ndefu kuliko ilivyokuwa ndani ya chumba. Fedha zilizokuwa chini ya godoro hutajwa, simu ambayo hakuna aliyewahi kuiona hutajwa. Aliyeshika mali ya mwenzake bila idhini anaweza kujikuta anaeleza polisi kwa nini huo usiitwe wizi. Wakati huo huo, mwenye nyumba aliyetangulia kwenda polisi kushtaki deni huambiwa hilo ni la madai, apeleke barazani. Hapo ndipo hasira yake inapokolea: akiwa mstaarabu haoni msaada, akiwa mkorofi ndiye anayeitwa kwanza.

Historia ya shaka

Sheria zetu zilikua katika mazingira ambayo mwenye nyumba ya kupangisha hakutazamwa kwa jicho zuri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi, na mmoja wa miiko hiyo ulimkataza kiongozi kumiliki nyumba ya kupangisha, sawa na alivyokatazwa kuwa na mishahara miwili au hisa katika kampuni. Kodi ya nyumba ilihesabiwa kuwa kipato cha unyonyaji. Aprili 1971 ikapitishwa sheria iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1984 ikaja Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, ambayo ilimpa mpangaji kinga dhidi ya kupandishiwa kodi na kutolewa ovyo, ikiwa na mabaraza yake ya nyumba.

Upepo ukageuka. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliilegeza miiko, kiongozi akaruhusiwa kupangisha. Mwaka 2005 sheria ile ya 1984 ikafutwa, na mambo ya upangaji yakaachwa mikononi mwa Sheria ya Ardhi na makubaliano ya watu wenyewe. Kwa hiyo mpangaji wa leo hana kinga maalumu aliyokuwa nayo mpangaji wa 1985. Kilichobaki ni kanuni ya jumla kwamba mtu hatolewi anapoishi kwa mabavu, na njia ndefu ya kuipata amri.

Urefu wa njia hiyo hauwaumi wote sawa. Septemba 2016 Shirika la Nyumba la Taifa liliitoa kampuni ya mwanasiasa Freeman Mbowe katika jengo la katikati ya Dar es Salaam lililojulikana kwa klabu ya Bilicanas, likidai malimbikizo ya zaidi ya shilingi bilioni 1. Mbowe alipinga na suala likafika Mahakama Kuu. Lolote mtu atakalolisema juu ya kisa kile, pande zote mbili zilikuwa na mawakili, nyaraka na uwezo wa kusubiri. Mjane wa Dakawa ana daftari la kurasa 32 na uvumilivu.

Mpangaji naye ana yake

Kumsikiliza mwenye nyumba hakuzibi sikio lingine. Mpangaji wa msimu anafika na mzigo wake, anatakiwa kutoa kodi ya miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na kodi ya mwezi mmoja ya dalali aliyemwonyesha chumba. Akilipa hapewi stakabadhi. Akichelewa wiki mbili anatangazwa uani mbele ya watoto wake. Bei ya chumba hupanda pale tu mchele unapopata bei. Na mpangaji akimkarabatia mwenye nyumba dari au kitasa, gharama hiyo husahauliwa siku ya kuhesabu deni.

Suala la kodi ya mkupuo limefika bungeni zaidi ya mara moja, na mawaziri wa ardhi wamewahi kulikemea. Halijaisha, kwa sababu limeungana na hili la kuwatoa wadaiwa. Mwenye nyumba anayejua kwamba kumtoa mdaiwa kutamchukua mwaka, hujikinga kwa kuchukua kodi ya mwaka kabla. Uzito wa mabaraza ndio unaomfanya mpangaji mwaminifu atafute laki tatu na elfu sitini kwa siku moja badala ya elfu thelathini kwa mwezi. Anayelipia ubishi wa mdaiwa mmoja ni wapangaji wote wanaokuja baada yake.

Majirani wamejaribu dawa tofauti. Uganda ilipata mwaka 2022 sheria ya wenye nyumba na wapangaji inayokataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama na kuweka kikomo cha kupandisha kodi. Kenya ilifungua mwaka 2021 mahakama za madai madogo, kwa sheria iliyotungwa 2016: dai lisizidi shilingi milioni 1 za Kenya, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu shauri kufunguliwa. Mahakama hizo hazikuundwa kwa ajili ya kodi za nyumba pekee, ila somo lake linafika Mvomero: ukubwa wa dai ndio uamue urefu wa safari yake.

Makubaliano yanayofuata shamba

Wakati sheria iko ilivyo, yapo yanayowezekana kuanzia leo. La kwanza ni kuacha kujifanya kwamba mkulima ana mshahara. Milimani Uluguru, ambako ardhi ni ya ukoo na hufuata upande wa mama, aliyelima ardhi ya ukoo mwingine alitoa ngoto, malipo ya kuwatambua wenye ardhi. Makubaliano ya kutumia mali ya mwenzio kwa malipo ni ya siku nyingi katika mkoa huu, wala hayakuanza na tarehe moja ya kila mwezi. Mwenye nyumba anayempangisha mkulima anaweza kukubaliana naye malipo makubwa mawili baada ya mavuno, na kiasi kidogo cha kila mwezi katikati ya msimu ili mawasiliano yasikatike. Mpangaji wa mshahara abaki na mwezi wake.

La pili ni maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: majina, chumba, kiasi, tarehe za kulipa, muda wa notisi, nani anatengeneza nini, na amana ya mwezi mmoja itakayorudishwa chumba kikiachwa salama. Mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, na nakala mbili. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa kuwa usiolipiwa hukwama unapotolewa kama ushahidi. Malipo yapitie simu. Tangu mwaka 2015 sheria yetu inapokea ushahidi wa kielektroniki, kwa hiyo ujumbe wa muamala una thamani kuliko kumbukumbu ya mtu aliyekasirika.

La tatu ni kutokuacha deni likue kwa aibu. Wenye nyumba wengi huona haya kudai mwezi wa kwanza, wakasubiri hadi wa tano ndipo wakalipuka. Dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa hiyo hunyweka vizuri zaidi deni likiwa changa. Mwezi wa pili ukipita, suala lifike kwa mwenyekiti wa kitongoji na liandikwe, ili siku ya kwenda kata iwe na karatasi ya kuanzia.

Yaliyobaki hayako ndani ya uwezo wa mpangaji wala mwenye nyumba. Marekebisho ya 2021 yaliona kwa usahihi kwamba kata zilikuwa zikikosea. Lakini makosa ya akidi na saini yangeweza kurekebishwa kwa mafunzo, katibu mwenye ujuzi na fomu zinazoeleweka. Hukumu ya nani anamiliki shamba la ukoo inastahili kupanda wilayani. Swali la kama mtu amelipa au hajalipa miezi minne ya chumba halihitaji wazee wa baraza wala safari ya basi, linahitaji watu watatu wanaojua kusoma ujumbe wa muamala na kuhesabu. Mamlaka hayo yangeweza kurudishwa karibu, yakiwa na mpaka wa kiasi, siku za mwisho za kutoa uamuzi, na kipindi cha huruma kwa mpangaji mwenye shamba lililo karibu kuvunwa. Wabunge walioigusa sheria hiyo mara moja wanaweza kuigusa tena, na safari hii waanze na deni la shilingi 120,000.